Maji kidogo kwa mtoto mchanga: juu ya nini munganga anakataa?

Jua la mwezi wa tisa likiwaka hapa Dilolo, nkambo atasema: mupe mtoto maji kidogo, anasikia kiu. Hasemi kwa ubaya. Yeye mwenyewe alilea hivyo. Lakini ndani ya matumbo ya ule mtoto kuna kitu ambacho wengi wetu hatukufundishwa, na yale maji yanaweza kukiharibu.

Tukisikia neno mikrobi tunawaza paka ugonjwa: kolera, tifoidi. Kumbe wako na mikrobi wazuri. Mtoto anaanza kuwapata siku ya kuzaliwa, wengi kutoka kwa mama yake. Mwaka 1899, kule Paris, mtafiti Henri Tissier aliwaona ndani ya choo cha mtoto anayenyonya. Leo wanaitwa bifidobakteria.

Sasa jambo la kushangaza. Ndani ya maziwa ya mama muna aina zaidi ya 100 za sukari ambazo tumbo la mtoto haliwezi kusaga. Zinapita nzima mpaka chini. Basi mama anazitengeneza juu ya nani? Juu ya wale mikrobi wazuri! Wanazikula, wanakuwa wengi, wanatoa asidi, na mikrobi wabaya wengi hawaivumilii ile asidi.

Njo maana ya kukataa kikombe cha maji. Maji ya kisima, hata yakionekana safi, yanaweza kuingiza mikrobi wabaya. Tena yanajaza tumbo dogo, mtoto ananyonya kidogo, na walinzi wake wanakosa chakula. Na kiu? Maziwa ya mama ni maji karibu 87 kwa 100. Akilia kwa joto, umupe ziwa tena. OMS inaomba hivyo mpaka miezi 6: paka ziwa, pamoja na yale maziwa ya kwanza ya manjano ambayo wengine wanakamua na kutupa.

Kisha miezi 6 chakula kinaanza, na tumbo linageuka. Kule Msambweni, pwani ya Kenya, watafiti waliongeza madini ya chuma ndani ya uji wa mahindi wa watoto. Mwaka 2015 walitangaza kwamba mikrobi wabaya waliongezeka. Si kusema chuma ni sumu, mtoto aliyekosa damu anakihitaji, lakini munganga ndiye apime.

Mimi ninaogopa zaidi vidonge vya antibiotiki vya kununua sokoni kimoja kimoja. Kuhara kwingi kwa watoto kunaletwa na virusi, na antibiotiki haiviui. Inaua mikrobi wazuri. Mtoto akihara, endelea kumnyonyesha, umpeleke kituo cha afya wamupe SRO na zinki ya siku 10 mpaka 14.

Ila tusichanganye. Choo laini cha manjano, hata mara nyingi kwa siku, kwa mtoto anayenyonya na kuongeza kilo, si ugonjwa. Macho yakizama, akikataa ziwa, ao ukiona damu, usingoje asubuhi.