Mwanasaikolojia tiba wa watoto husomea nini?

Mtoto wa miaka saba aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani ameanza tena. Darasani hazungumzi, na kila asubuhi analalamika tumbo linamuuma. Zahanati wamempima, hawakuona kitu. Jirani mmoja anasema anadeka, mwingine anasema amerogwa. Mwalimu anamshauri mama ampeleke kwa mwanasaikolojia. Mtu huyo amefundishwa nini?

Kazi yake ni ipi?

Mwanasaikolojia tiba huchunguza na kutibu matatizo ya hisia, tabia na kujifunza kwa kutumia mazungumzo, michezo na mazoezi. Hapa kwetu haandiki dawa. Mtoto akihitaji dawa, hupelekwa kwa daktari, na wawili hao hushirikiana.

Kazi hii ilianza na mtoto. Mwaka 1896, Lightner Witmer alifungua kliniki ya kwanza ya saikolojia katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani. Mwalimu alimletea mvulana aliyeshindwa kuandika maneno kwa usahihi. Uchunguzi ulionyesha kuwa macho yake pia yalikuwa na shida. Wanafunzi hufundishwa jambo hilo hadi leo: angalia mwili kwanza, usikimbilie kusema mtoto ni mvivu au mkaidi.

Masomo huchukua muda gani?

Kwa kawaida mtu huanza na shahada ya kwanza, kisha shahada ya uzamili ya saikolojia tiba, ambayo huchukua takriban miaka miwili. Shahada hiyo hutolewa, kwa mfano, na Chuo Kikuu cha Nairobi, na kwa Tanzania hutolewa na MUHAS, Muhimbili. Anayetaka kuhudumia watoto huongeza mafunzo na uzoefu wa kutosha katika eneo hilo.

Hujifunza nini?

• Ukuaji wa mtoto. Mtoto wa miaka minne huweza kuamini kwamba aliyekufa atarudi. Wa miaka kumi anajua harudi. Usipojua tofauti hiyo, utauita ugonjwa jambo ambalo ni la umri tu.

• Kutathmini. Huhoji wazazi, walimu na mtoto mwenyewe. Hutumia pia dodoso kama SDQ, lenye vipengele 25, ambalo limetafsiriwa kwa Kiswahili. Dodoso husaidia kuuliza vizuri, lakini peke yake halitoi jibu.

• Kutibu. Mtoto mdogo hawezi kukaa na kueleza huzuni yake kama mtu mzima. Huichora au huicheza kwa mwanasesere. Wazazi nao hufundishwa namna ya kumsaidia nyumbani.

• Maadili. Siri ya mtoto hutunzwa. Lakini kukiwa na hatari, kama vile kupigwa vibaya au kudhalilishwa kingono, mtaalamu hapaswi kunyamaza. Mtoto huelezwa hivyo tangu siku ya kwanza.

Kwa nini msimamizi ni muhimu?

Vitabu havitoshi. Mwanafunzi huona watoto halisi wodini na kliniki chini ya msimamizi mwenye uzoefu, ambaye hupitia kila kesi pamoja naye. Tumrudie yule mtoto wa miaka saba. Mwanafunzi anaweza kudhani ni woga wa shule. Msimamizi humuuliza: umeuliza nani amehama au amefariki nyumbani? Umezungumza na mtoto akiwa peke yake? Huenda jibu likapatikana hapo. Asiyefundishwa hivyo anaweza kumlaumu mtoto, na mtoto akafunga mdomo kabisa.

Wewe mzazi uulize nini?

• Umesomea wapi, na umesajiliwa? Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, inayotaka wataalamu hawa wasajiliwe.
• Umewahi kuhudumia watoto wa umri huu?
• Mimi mzazi nitashirikishwaje?

Kuuliza si utovu wa adabu. Mtaalamu aliyefunzwa vizuri atakujibu bila kukasirika. Mwepuke anayeahidi kumponya mtoto kwa siku moja, au anayekukataza kumpeleka hospitali.

Mtoto akisema anataka kufa, au akijiumiza, usingoje miadi. Usimwache peke yake, na mpeleke hospitali iliyo karibu siku hiyohiyo.