Pombe na Bangi Miongoni mwa Vijana wa Kitui na Makueni: Lugha ya Kinga

Utangulizi

Mtu akihudhuria mkutano wa hadhara kuhusu vijana na vileo popote Ukambani, si ajabu akasikia mambo matatu kwa mfululizo uleule. Msemaji wa kwanza atakumbusha kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Wa pili atataja sheria na kifungo. Wa tatu atasimulia habari za kijana aliyerukwa na akili kwa sababu ya bangi. Kisha mkutano hufungwa kwa sala, vijana hurudi makwao, na waliokuwa wakinywa huendelea kunywa. Makala haya yanadhamiria kueleza ni kwa nini maneno hayo aghalabu hayafui dafu. Hoja yetu ni kwamba kinga ya zamani dhidi ya ulevi wa vijana katika Kitui na Makueni ilitegemea utaratibu uliobainisha nani anywe, lini, na pamoja na nani. Utaratibu huo ulivunjika pombe ilipogeuka bidhaa, na lugha tunayoitumia kuwaonya vijana haijaziba pengo lililobaki. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna sehemu yetu ya lawama katika jambo hili.

Kwa neno vijana tunakusudia hapa wabaleghe, yaani walio kati ya miaka 13 na 19.

Uki na mpangilio wa rika

Kitui na Makueni ni kaunti jirani, na Mto Athi hupita kati yake. Makueni ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Machakos hadi 1992 ilipopewa wilaya yake. Wenyeji wa pande zote mbili kwa wingi ni Wakamba, na kileo chao cha asili ni uki, uliotengenezwa kwa asali au maji ya miwa na kuchachushwa kwa tunda lililokaushwa la mwegea, ule mti wenye matunda marefu yanayoning'inia. Asali ya Kitui ingali na sifa mpaka leo. Jina linalosikika zaidi siku hizi, hata hivyo, ni kaluvu, na mara nyingi kinachochachushwa ni sukari ya dukani.

Uki ulikuwa na kazi zake. Ulihitajika katika mazungumzo ya mahari, katika matambiko ya ithembo, na katika vikao vya nzama ambapo mkosaji aliweza kutozwa faini ya pombe. Jamii iligawanywa kwa rika: walikuwapo anake, yaani vijana wasiooa, nthele, wanaume waliooa karibuni, na atumia, yaani wazee. Gerhard Lindblom, msomi wa Kiswidi aliyechapisha kitabu kikubwa kuhusu Wakamba mwaka 1920, aliueleza mgawanyo huo kwa kirefu. Kunywa hadharani kulikuwa haki ya mtumia. Mwanake aliyeonekana amelewa hakuhesabiwa kuwa mgonjwa wala mhalifu. Alihesabiwa kuwa amejitwalia heshima isiyo yake.

Tusije tukaupaka rangi wakati uliopita. Justin Willis, katika kitabu chake Potent Brews cha mwaka 2002 kuhusu historia ya vileo Afrika Mashariki, anaonyesha jinsi pombe ilivyofungamana na mamlaka ya wazee, na mtu anaweza kuuliza kama wazee walikuwa wakiwalinda vijana au wakilinda chungu chao. Bila shaka wapo vijana waliokunywa kwa siri. Lakini siri yenyewe ni ushahidi kwamba ua lilikuwapo, na kwamba kila mtu alijua lilipopita.

Pombe inapolipa karo

Ua hilo halikuvunjwa na vijana. Kitui na Makueni ni nchi kame, na mvua zikikosekana misimu miwili mfululizo ghala hubaki tupu. Kwa vizazi kadhaa wanaume wamekwenda Nairobi na Mombasa kutafuta kazi, wakawaachia mama na nyanya ulezi wa watoto. Katika hali hiyo pombe ni mojawapo ya vitu vichache ambavyo mwanamke anaweza kuvitengeneza nyumbani kwa mtaji mdogo na kupata fedha kabla ya wiki kwisha. Fedha hizo hununua unga na sare, na hulipa karo.

Hapa ndipo penye kiini cha tatizo, na ndipo makala mengi hupapita haraka. Mtoto wa nyumba ya namna hiyo huteka maji ya kuchanganyia, hupima sukari, huwapelekea wateja vikombe, na huonja ili aseme kama imeiva. Asubuhi huenda shuleni na kuambiwa kwamba pombe ni sumu na kwamba wanaoiuza ni maadui wa jamii. Mwalimu hakusudii kumtukana mama yake, lakini ndivyo mtoto asikiavyo. Ana njia mbili tu: amkatae mama, au amkatae mwalimu. Wengi humkataa mwalimu, tena kimya kimya, na hatuwezi kuwalaumu.

Kwa upande mwingine, kijana wa leo hupata fedha zake mwenyewe mapema. Uchimbaji wa mchanga katika mito ya msimu, hasa Makueni, umewavuta wavulana kutoka darasani kwenda kupakia malori, hadi serikali ya kaunti hiyo ikatunga sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga mwaka 2015. Bodaboda nazo zimeleta kipato cha kila siku. Kando ya barabara kuu ya Mombasa, katika miji kama Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei, malori hulala usiku, na penye wageni wengi wenye fedha wauzaji wa kila kitu hawakosekani. Kijana mwenye noti mfukoni, asiye na mzee wa kumuuliza, hahitaji kushawishiwa sana.

Sheria imejaribu. Chang'aa ilipigwa marufuku kwa sheria ya 1980, na marufuku hayo yakaondolewa na Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, iliyoruhusu pombe hiyo kutengenezwa na kuuzwa kwa leseni. Sheria hiyo ya 2010 ilikataza kumuuzia kileo mtu aliye chini ya miaka 18, kufungua baa chini ya mita 300 kutoka shuleni, na kuuza vileo katika vipakiti au vyombo vya chini ya robo lita. Tangu ugatuzi uanze 2013, utoaji wa leseni umekuwa mikononi mwa kaunti. Mwaka 2025 sera mpya ya kitaifa ilipendekeza umri wa chini upandishwe hadi miaka 21, na mjadala ukawa mkali. Pendekezo hilo lina mantiki ya kitabibu, lakini muuzaji asiyemuuliza umri mvulana wa miaka 15 hatamuuliza yule wa 20.

Maneno yanayopotosha

Tugeukie sasa lugha. Neno pombe limebeba mizigo isiyolingana. Kaluvu la siku mbili ni pombe; bia ni pombe; chang'aa ni pombe. Ilhali chupa ya robo lita ya kileo kikali cha asilimia 40 ina alkoholi sawa na chupa tano za bia za nusu lita zenye asilimia 4. Kijana aliyezoea kumwona babu akinywa kaluvu mchana kutwa na kurudi nyumbani kwa miguu yake huikadiria robo ile kwa kipimo cha babu.

Msemo pombe haramu una hatari yake. Unamfundisha kijana kwamba uovu umo katika kukosa leseni. Mei 2014 vileo vilivyotiwa methanoli viliua makumi ya watu katika Embu, Kiambu, Kitui, Makueni na kwingineko, na wengine wakapofuka. Baadhi ya vileo hivyo viliuzwa katika chupa zenye nembo. Methanoli haina onyo la ladha wala la rangi. Ini huigeuza kuwa asidi inayoshambulia mshipa wa jicho, na dalili huweza kuchelewa saa nyingi baada ya mtu kunywa. Nembo ya chupa haikuwafaa waliokufa.

Msemo mbaya zaidi, kwa maoni yetu, ni dawa za kulevya. Dawa katika Kiswahili ni kitu cha kuponya. Kijana akiambiwa bangi ni dawa ya namna fulani, nusu ya sentensi imeshamtetea muuzaji, ambaye naye humwambia kwamba inatuliza mawazo na kusaidia kusoma. Neno mihadarati, lenye asili ya Kiarabu na maana ya vitu vya kutia ganzi, ni sahihi zaidi, ila kijana wa Mutomo au Kathonzweni hulisikia redioni tu. Neno bangi lenyewe lilifika pwani yetu kutoka Asia zamani na halina utata. Pengine ndiyo maana vijana wamelikimbia na kuunda mengine ya Sheng, kama ndom na shash, ili mzee asielewe. Kitenzi chetu kulewa, kwa bahati njema, bado kinasema kweli: kinatoka humo kileo, ulevi na kulevya, na pia kulewalewa, kuyumba kama chombo kilichopigwa na wimbi.

Bangi haikuwahi kuwa na utaratibu wa kijamii mfano wa ule wa uki. Huvutwa vichakani, baina ya wenye umri mmoja, pasipo mkubwa. Utafiti wa NACADA wa mwaka 2022 ulikadiria kwamba Mkenya mmoja kati ya 53 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 alikuwa akiitumia, karibu maradufu ya kiwango cha 2017. Kwa pombe ilikuwa mmoja kati ya 8. Hizo ni takwimu za nchi nzima. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayotawala uamuzi na kujizuia, huendelea kukua hadi katikati ya miaka ya ishirini. Bangi hudhoofisha kumbukumbu ya muda mfupi, ndiyo ile hasa anayoihitaji mtahiniwa. Kwa makadirio yanayotumiwa sana, mtumiaji mmoja kati ya 10 hufikia utegemezi, lakini kwa wanaoanza katika ujana ni takriban mmoja kati ya 6.

Kinga ifanyayo kazi

Umoja wa Mataifa, kupitia ofisi yake inayoshughulikia mihadarati na uhalifu, ulichapisha mwaka 2013 viwango vya kimataifa vya kinga, na toleo la pili, lililotolewa pamoja na Shirika la Afya Duniani, likafuata 2018. Humo imeelezwa kwamba kutoa habari za madhara peke yake, hasa kwa kutisha, na kuwaleta waliokuwa watumiaji watoe ushuhuda, hakupunguzi matumizi. Yanayosaidia ni mafunzo ya malezi kwa wazazi, mazoezi ya stadi za maisha yanayofanywa kwa vikundi na kurudiwarudiwa, na kumweka kijana shuleni.

Hili la mwisho lina uzito kwetu. Tangu adhabu ya viboko ifutwe shuleni mwaka 2001, adhabu ya mkato kwa mwanafunzi aliyekutwa na bangi imekuwa kumrudisha nyumbani. Anarudi wapi? Anarudi kijijini mchana, wakati wenzake wema wako darasani, na wanaobaki kumlaki ni wale waliomuuzia. Wiki mbili za namna hiyo zaweza kufanya kazi ambayo mwaka mzima wa shinikizo la rika haungeifanya. Wizara huzungumzia ushauri nasaha, lakini mwalimu wa ushauri nasaha aghalabu ana vipindi vya somo lake kamili juu ya kazi hiyo.

Makueni imetoa kielelezo kimoja cha kutazamwa. Taasisi ya utafiti wa afya ya akili iliyoanzishwa na Profesa David Ndetei, mtaalamu wa magonjwa ya akili wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ilifanya kazi katika kaunti hiyo ya kuwafunza wauguzi, wahudumu wa afya wa vijijini, waganga wa jadi na viongozi wa maombi kuwatambua wenye matatizo ya akili, yakiwamo ya ulevi, na kuwaelekeza kwenye zahanati. Jambo la maana ni uteuzi wa watu hao. Mhudumu wa afya wa kijiji huingia nyumba ya mpika pombe bila askari; anamjua mama na anamjua mtoto. Anaweza kumwambia yule mama, kwa Kikamba na bila kumfedhehesha, kwamba biashara yake ni mjadala mwingine, lakini mtoto asionje wala asiwahudumie wateja. Hilo ni ua lilelile la zamani, limejengwa tena mahali padogo.

Sasa lawama yetu. Tazama michezo ya kuigiza na mashairi ambayo wanafunzi huyatunga kwa tamasha za shule na vyuo juu ya mada hii. Mhusika huvuta bangi onyesho la kwanza, hufukuzwa la pili, na la tatu hufa au huwa mwendawazimu, huku kiitikio kikimkumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kijana aliye katika hadhira anawajua wavutaji kumi walio hai. Akishagundua kwamba tumemdanganya juu ya kifo, hatatuamini juu ya kumbukumbu. Hatujaona mchezo ambamo mvulana anapewa kikombe na binamu yake kwenye sherehe, naye anatafuta maneno ya kukikataa bila kumvunjia heshima mwenye sherehe. Maneno hayo yapo katika Kiswahili na Kikamba, hayajaandikwa.

Ipo pia kazi ya tafsiri. Hojaji ya AUDIT ya Shirika la Afya Duniani, yenye maswali 10, humuuliza mtu hunywa vinywaji vingapi kwa siku, na kinywaji kimoja huhesabiwa kuwa na takriban gramu 10 za alkoholi. Hojaji ya CRAFFT, iliyotungwa Marekani kwa ajili ya vijana, huanza kwa kuuliza kama amewahi kupanda gari lililoendeshwa na mtu aliyelewa. Swali hili la pili ni rahisi kulileta Wote au Mwingi, maana badala ya gari tutaweka bodaboda. Lile la kwanza ni gumu, kwa sababu kaluvu hunywewa kwa kikombe kinachopokezanwa, hujazwa kabla hakijaisha, na nguvu yake hutegemea siku ilizokaa. Mhudumu aliyekaa kwenye kigoda mbele ya kijana wa miaka 16 anahitaji swali analoweza kulijibu, nasi bado hatujamwandikia.