Mganga Zau na Msiba Usio na Mchawi

Michezo ya video imekwisha kuwa sehemu ya maisha ya vijana wetu, tupende tusipende. Hapa Majengo, Sumbawanga, kama ilivyo kwa ndugu zetu wa Unguja na Pemba, kijana akimaliza shughuli za mchana hutafuta nafasi mbele ya kioo, akashika kidude cha kuchezea kwa mikono miwili, na dunia nyingine ikamfungukia. Wengi hucheza kandanda. Wachache hupenda michezo ya kuigiza mhusika, ambayo mchezaji huvaa nafsi ya mtu wa hadithini, akamtoa katika unyonge na kumfikisha katika ushujaa. Katika michezo hiyo jambo moja lilikuwa halibadiliki kwa miaka mingi: shujaa alisema Kiingereza au Kijapani, akapigana katika misitu ya Ulaya au miji ya Marekani, na kijana wetu akawa mgeni asiyekaribishwa katika ndoto yake mwenyewe.

Tarehe 23 Aprili 2024 ulitolewa mchezo uitwao Tales of Kenzera: Zau. Mchezo wenyewe ulitangazwa mwezi Desemba 2023 tu, lakini waliokuwa wakiungoja mchezo wa namna hiyo walianza kungoja zamani sana. Aliyeubuni ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, ambaye sauti yake ilikwisha kujulikana duniani mwaka 2017 kwa kumwigiza Bayek, shujaa wa Misri ya kale, katika Assassin's Creed Origins. Salim alifiwa na baba yake mwaka 2013. Huzuni aliyoichukua kwa miaka kumi ndiyo aliyoigeuza kuwa mchezo, kupitia kampuni yake Surgent Studios, na kampuni kubwa ya Electronic Arts ikaueneza. Mchezo huo unaweza kuchezwa kwa sauti za Kiswahili. Basi swali linalotukabili sisi tulioungoja ni hili: je, unastahili muda na fedha za vijana wetu?

Kwanza hadithi yake. Kijana Zuberi, katika mji wa siku zijazo uitwao Amani, amefiwa na baba. Mama yake anampa kitabu alichoandika marehemu, na ndani ya kitabu hicho mnakaa hadithi ya Zau, mganga kijana ambaye naye amefiwa na baba yake. Zau hakubali. Anamwendea Kalunga, mungu wa mauti, na kufanya naye mapatano: atamletea mizimu mitatu mikubwa iliyokataa kwenda kuzimu, na Kalunga atamrudishia baba yake. Safari nzima Zau anavaa vinyago viwili, cha jua na cha mwezi. Cha jua humpa moto wa kupigana ana kwa ana. Cha mwezi humpa uwezo wa kupiga kutoka mbali. Anapochoka moyo hukaa chini ya mbuyu, akatafakari yaliyomsibu, na hapo nguvu zake huongezeka. Kalunga mwenyewe hatishi kama mtu angelivyodhani. Anatembea na Zau kama mzee atembeavyo na mfiwa, akimsikiliza, akimkosoa, na asimharakishe.

Mchezo kama huu hauna budi kupimwa kwa mizani mitatu: kama mchezo, kama kazi ya lugha, na kama mafunzo.

Kama mchezo, haki itendeke. Picha zake zinapendeza macho, muziki uliotungwa na Nainita Desai unagusa moyo, na kubadili vinyago katikati ya mapigano huleta raha kama ya ngoma yenye midundo miwili. Lakini mchezo ni mfupi. Mzoefu huumaliza kwa saa nane hivi. Maadui hujirudiarudia, na anayepotoka njia kwenda kuchungua pembeni hapati malipo yanayolingana na jasho lake. Zaidi ya hayo, Zau si mchezo wa kuigiza mhusika kwa maana yake kamili. Mchezaji humwongezea Zau ujuzi, naam, lakini hamwamulii neno. Njia imekwisha chorwa, naye hupita tu. Mcheza bao atalielewa jambo hili upesi: mashimo ni 32 na kete ni 64 siku zote, lakini kila mchezo ni mpya kwa sababu uamuzi ni wa mchezaji. Anayetaka mchezo wa Kiafrika wa aina kamili atauona katika Aurion: Legacy of the Kori-Odan, uliotolewa mwaka 2016 na kampuni ya Kiro'o Games ya Yaoundé, Kameruni, unaosimulia mwana wa mfalme aliyepinduliwa na shemeji yake. Kwa mizani ya kwanza, basi, Zau ni mchezo mzuri wa kiasi. Aliyeungoja kama mfalme wa michezo atavunjika moyo kidogo.

Mizani ya pili ni lugha. Wasomaji wetu wa visiwani watakumbuka kuwa mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Tangu hapo lugha hii imepewa mabaraza, BAKITA mwaka 1967 na BAKIZA baadaye huko Zanzibar, na mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Hizo ni heshima kubwa. Lakini lugha haiishi kwa sherehe peke yake. Huishi pale mtu anapolia nayo, anapotukana nayo, anapoomba nayo. Kusikia mauti na mfiwa wakijibizana kwa Kiswahili ndani ya mchezo unaouzwa dunia nzima ni kazi ambayo hotuba mia haziwezi kuifanya.

Wako watakaosema kwamba mchezo huu umechanganya mambo. Ni kweli. Impundulu, ndege wa radi, ni wa watu wa kusini mwa Afrika. GaGorib ni wa Wakhoikhoi. Kikiyaon ni wa pande za Senegali na Gambia. Na jina la Kalunga linajulikana Angola na Kongo. Mtaalamu wa mila angevitenga vyungu hivyo kila kimoja na jiko lake. Nasi twasema kuwa Kiswahili chenyewe ni chungu cha namna hiyo, na hakuna aliyekufa njaa kwa sababu hiyo. Ila kijana aelezwe wazi kwamba anachokiona ni ubunifu wa msanii, asije akauchukua kuwa kitabu cha historia.

Mizani ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, na hasa kwa sisi wa Ufipa. Wenyeji husema jina la mji wetu maana yake ni "tupa uchawi". Juu ya hayo, watu wa mbali hulitaja jina la Sumbawanga kwa kicheko cha woga, kana kwamba nyanda zetu za mahindi na maharage ni shamba la wachawi. Katika mji kama huu mchezo ambao shujaa wake ni mganga hauwezi kupita bila kuulizwa. Mzazi ana haki ya kuuliza: mwanangu anafundishwa nini hapa?

Sheria zetu zinatusaidia kuanza kujibu. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ilikataza uchawi na pia kumtuhumu mwingine uchawi. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 ikamtambua mganga wa tiba asili kama mtu wa kazi halali, mwenye kusajiliwa na kusimamiwa. Maana yake ni kwamba taifa hili limekwisha kutenga uganga wa kutibu na ulaghai wa kupiga ramli chonganishi. Mwezi Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku waganga wasio na leseni baada ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Zau yuko upande wa kwanza wa mstari huo. Kazi yake ni kutuliza mizimu iliyokosa amani na kuisindikiza inakotakiwa kwenda. Ni mtu wa kuponya.

Hata hivyo, somo kubwa la mchezo huu halimo katika alilofanya Zau. Limo katika lile asilolifanya. Zau amefiwa na baba yake, ana nguvu za moto mkononi, ana hasira ya kijana, na hamtafuti mtu wa kumlaumu. Hamuulizi jirani. Hamnyooshei kidole bibi mwenye macho mekundu anayeishi peke yake ukingoni mwa kijiji. Anakwenda kwa mauti yenyewe, uso kwa uso, na kuanza nayo mazungumzo marefu na machungu.

Ndugu msomaji, pima jambo hilo katika hali yetu. Mara ngapi mtu amefariki kwa maradhi yanayojulikana, na kabla ya matanga kwisha swali limekuwa si "aliugua nini?" bali "nani kamfanya?" Mara ngapi jibu la swali hilo limekuwa kikongwe asiye na mtetezi? Katika nchi yetu wazee wameuawa kwa tuhuma za namna hiyo, wanawake wakiwa wengi zaidi. Wala visiwani si salama kwa sababu ya bahari. Mwaka 1995, hofu ya Popobawa ilipozuka Pemba na kuvuka hadi Unguja, mtu aliyekuwa na maradhi ya akili aliuawa na umati kwa kudhaniwa kuwa ndiye. Hofu na huzuni zikikosa njia ya kutokea, hutafuta shingo ya mtu.

Kijana aliyemwona Zau akikaa chini ya mbuyu na kukiri kwamba ana hasira, ana woga, na anamkumbuka baba yake, amepata jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa: kwamba msiba waweza kuwa mkubwa kupita kiasi bila ya kuwa na mkosaji. Chuo cha sanaa za filamu na televisheni cha Uingereza, BAFTA, kiliutunuku mchezo huu mwaka 2025 katika fungu la michezo yenye faida zaidi ya burudani. Twakubaliana nacho.

Si haki tukawanyamazia wenye shaka. Wako viongozi wa dini na wazazi waungwana wasiopenda watoto wao wachezee habari za mizimu na mungu wa mauti, na imani yao iheshimiwe. Mchezo huu una mapigano, na hadithi yake ni nzito kwa mtoto mdogo. Haufai kuachiwa watoto wa shule za msingi bila mtu mzima kando. Kwa kijana aliyekwisha pevuka, ambaye amekwisha kusimama kaburini kwa mtu wake, tunaona faida yake inazidi hatari yake.

Limebaki la gharama. Mchezo ulitolewa kwa bei ya karibu dola 20 za Kimarekani, na mashine zinazoweza kuuchezesha zinagharimu mara nyingi zaidi ya hapo. Kwa mkulima wa Ufipa au mvuvi wa Pemba hilo si jambo la mzaha. Hapa ndipo tunapowageukia watumishi wa Serikali. Kila mara michezo ya video inapotajwa ofisini, hutajwa kama upotevu wa muda, na mara nyingi ni kweli. Lakini mwenye kukataza peke yake huwaachia wengine kazi ya kuchagua. Maktaba na vituo vya vijana vinaweza kuwa na mashine moja na michezo michache iliyochaguliwa kwa busara, huu ukiwa mmojawapo, ukachezwa kwa zamu na kujadiliwa baadaye kama kinavyojadiliwa kitabu.

Na kuna kazi kubwa kuliko hiyo. Hadithi za Ufipa hazijakufa. Simulizi za kale zinamtaja mfalme wa Milansi aliyekwenda mawindoni, akarudi na kuwakuta wanawake wageni wamekwisha kutwaa kiti chake. Mtafiti Mwingereza Roy Willis aliwasikiliza wazee wetu na kuchapisha masimulizi ya Wafipa mwaka 1978. Kuna mchezo wa kuigiza mhusika ulio kamili kuliko huo? Mfalme apigane, ajadiliane, au agawe madaraka? Mwezi Oktoba 2024 Surgent Studios ilitangaza kuwa inataka kutengeneza mchezo wa kuigiza mhusika katika dunia ile ile ya Zau, kwa jina la muda Project Uso, ikawa inatafuta wa kuugharimia. Ikiwa hata wao huhangaikia mtaji, vijana wetu wenye vipaji vya kuchora, kutunga na kuandika programu watahitaji mkono wa vyuo na wa Serikali mapema zaidi.

Basi hukumu yetu ni hii: Zau unastahili kuchezwa. Mapungufu yake kama mchezo ni ya kweli, na mwenye kutafuta burudani ya miezi sita asiutafute hapa. Lakini ni mchezo unaosema nasi kwa lugha yetu juu ya jambo linaloingia katika kila nyumba, na unasema kwa adabu. Mwenye kijana aliyefiwa, na uwezo ukimruhusu, aucheze pamoja naye. Na wenye mamlaka wauone ufanyavyo kazi kabla hawajaandika neno "marufuku".