Karafuu Zililindwa, Mikarafuu Ikaachwa

Msimu wa karafuu ukiingia Pemba, jioni huwa ya kuchambua. Watu hukaa barazani, kishada cha karafuu mbichi kikisuguliwa kwenye kiganja: karafuu huku, makonyo kule. Asubuhi huanikwa kwenye majamvi, na njia nzima ya Wete hunukia.

Harufu hiyo ilikula msitu. Karne ya 19 kisiwa kilifyekwa kupisha mikarafuu, na kimbunga cha 1872 kilipoiangusha ile ya Unguja, Pemba ikawa ndiyo tegemeo. Msitu mkubwa uliosalia ni Ngezi, kule kaskazini. Msitu ulipopungua, popo wa Pemba, asiyepatikana kwingine duniani, alikaribia kutoweka kabla wanakijiji hawajaanza kumlinda.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ikawa mnunuzi pekee. Kwa miaka mingi bei ya mkulima ilikuwa duni, ng'ambo ya mkondo Kenya ikilipa zaidi, basi magunia yakavuka usiku kwa mashua. Jibu la serikali likawa ni nguvu: sheria kali, vizuizi barabarani, doria za KMKM, kikosi ambacho jina lake lenyewe ni Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo. Mishahara na mafuta ya boti za doria vina fungu lake kwenye bajeti.

Hasara ya shambani haikuwa na fungu. Mkulima asiyeona faida hapalilii, wala hapandi mche utakaomweka miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa. Mkarafuu mkongwe ukikauka, hukatwa kuni au kuchomwa mkaa, na pale uliposimama hulimwa muhogo. Kwenye miteremko ya Pemba iliyobaki bila miti, mvua ya masika hushuka na udongo hadi mabondeni kwenye mpunga. Naliona hilo kuwa kosa kubwa: tulilinda gunia, tukausahau mti.

Mwaka 2011 bei ilipandishwa sana, na magendo yakapungua kwa kiasi ambacho doria hazikuwahi kukifikia. Miche nayo hugawiwa bure. Lakini mche wa mkarafuu unataka kivuli cha mgomba na maji katika kiangazi chake cha kwanza, la sivyo hufa. Tunatangaziwa idadi ya miche iliyogawiwa. Natamani kila shehia ipewe fedha za kurudi shambani baada ya mwaka, ikahesabu iliyo hai.