Ekzosi ya Pikipiki ya Theluji Hupasuka Kwa Nini? Hizi Hapa Mbinu za Kuilinda Kwa Theluji Nzito

Kama uko na cuzo ama beshte Canada ama Marekani, lazima ushaona zile video. Msee amekalia mashine iko na ski mbili mbele na mkanda wa mpira nyuma, inapasua theluji ya kufika kiunoni, inalia kushinda mathree ya Rongai. Hiyo ndio snomobili, pikipiki ya theluji. Kitu hawakuonyeshi kwa hiyo video ni siku ekzosi imepasuka kilomita 40 ndani ya milima, jua linazama na baridi iko chini ya sifuri.

Na usidhani hii ni kidude ya kuchezea tu. Joseph-Armand Bombardier, fundi wa Quebec aliyetoa Ski-Doo mwaka wa 1959, alipoteza mtoto wake mdogo mwaka wa 1934 juu barabara zilikuwa zimefungwa na theluji na hangeweza kumfikisha hospitali. Kwa wasee wengi wa kaskazini hii mashine ndiyo njia ya kutoka. Ikikufia porini, uko kwa shida.

Sasa tuseme ukweli kuhusu hii maneno ya kupasuka.

Mbona watu wanabadilisha ekzosi ya kampuni?

Mashine nyingi za mlimani zinatumia injini ya mipigo miwili, ile inachoma oili pamoja na petroli. Kwa hiyo injini, ekzosi si bomba tu la kutoa moshi. Imefura katikati halafu inajifunga huko mwisho, na hiyo shepu ndiyo inarudisha wimbi la presha nyuma ili petroli isitoroke kabla ichomwe. Ukibadilisha shepu, unabadilisha nguvu.

Ndio maana watu wanabandua ile ya kampuni na kuweka ya duka lingine. Inakuwa nyepesi, inatoa nguvu zaidi na mlio unakuwa mkali. Lakini wepesi hautoki mbinguni. Mara nyingi bati ni jembamba zaidi, na bati jembamba halisamehei makosa.

Theluji inaingilia wapi?

Watu wengi husema, "Ni baridi imepasua." Hapana. Baridi peke yake haina hiyo nguvu. Vitu vitatu ndivyo hushirikiana.

Ya kwanza ni joto kubadilika ghafla. Chukua glasi ya chai moto, iweke kwa maji baridi, unajua kitatokea. Ekzosi huwa na joto la mamia ya digrii. Theluji ikiingia kwa matundu ya bodi na kushika upande mmoja wa bomba, huo upande unajikunja na ule mwingine bado umetanuka. Chuma ya urefu wa mita moja ikipata joto la digrii 500 zaidi, inaongezeka kama milimita 6. Sehemu moja ikitaka kurefuka na nyingine ikitaka kufupika, mahali pa weldi ndipo huumia.

Ya pili ni barafu. Theluji ikiyeyuka juu ya bomba, maji yanateremka chini ya injini, halafu ukizima mashine yanaganda. Asubuhi ukiwasha, bomba linataka kutanuka lakini limeshikwa na barafu kama limemwagiwa simiti. Haliwezi kusonga, kwa hivyo linapasuka.

Ya tatu ni mtetemo. Injini ya silinda mbili ikizunguka mara 8,000 kwa dakika, ekzosi inapigwa na mapigo ya moshi zaidi ya 260 kila sekunde. Ufa mdogo kama unywele hauchukui muda kuwa mkubwa.

Kwa hivyo kazi yako ni mbili tu: theluji isiguse bomba likiwa moto, na bomba liwe na nafasi ya kusonga. Zile mbinu zingine zote zinatoka hapo.

Anza na springi

Ekzosi ya hizi mashine haifungwi kwa bolti kila mahali. Jointi zake zinashikwa na springi, na hiyo si uvivu wa kampuni. Springi ndizo zinaruhusu bomba kutanuka na kutikisika bila kuvunjika. Moja ikipotea, uzito wote unalalia weldi. Zihesabu kabla ya kila safari, na ile imelegea itoe. Mafundi wengi hupaka silikoni ya kuvumilia joto juu ya springi ili zisitetemeke hadi kukatika. Beba mbili ama tatu za spea pamoja na kile chuma cha kuzivuta. Hazijazi mfuko.

Ukifunga bomba jipya, usikaze kitu hadi mwisho kabla kila jointi ikae vizuri. Likilazimishwa kuingia, linaanza maisha likiwa limekunjwa. Angalia pia raba zinazoshika injini. Zikichoka, injini inaruka na inavuta ekzosi nayo. Ukiona alama ya kung'aa ama plastiki iliyoyeyuka, bomba linagusa mahali halifai.

Funga njia ya theluji, lakini usizibe pumzi

Matundu ya bodi yanafunikwa na kitambaa cha wavu, kinachopitisha hewa na kuzuia theluji. Tumia hicho. Usizibe na mkanda wa gundi kila mahali juu klachi na belti zinahitaji hewa ya kupoa, na utakuwa umetatua shida moja ukazaa ingine. Hakikisha vifuniko vya pembeni vimefunga vizuri, juu mashine ikilala upande kwa mteremko, hapo ndipo theluji hupakiwa ndani.

Ukikwama, usikanyage mafuta tu. Zima, ngoja bomba lipoe kiasi, halafu toa theluji iliyojaa chini yake. Usirushe theluji kwa bomba moto ili lipoe haraka. Na kama barafu imeshika, usipige na nyundo. Iyeyushe polepole mahali penye joto, na uhakikishe mashimo ya kutolea maji chini hayajaziba. Asubuhi, iache injini ipate joto kabla uanze kuichapa.

Kufunga bomba na kitambaa cha joto je?

Hapa chunga. Kile kitambaa kinapunguza joto ndani ya boneti, sawa, lakini kinashika maji, na chuma itaanza kuoza hapo chini bila wewe kuona. Pia kinafanya moshi ubaki moto zaidi ndani ya bomba, na hiyo inaweza kubadilisha venye injini imepangwa. Kupakwa seramiki ni afadhali, juu haishiki maji na bado unaweza kuona ufa.

Utajuaje imeanza kupasuka?

Cheki kando ya weldi. Mstari mweusi wa masizi na oili ni moshi unatoka mahali haufai. Mlio ukibadilika ghafla, nguvu zikipungua ama ukisikia harufu ya plastiki, simama. Moshi moto ukitoka karibu na paipu za petroli unaweza kuwasha mashine yote. Ila usisimame chini ya mteremko mkali kufungua boneti, juu theluji inaweza kuporomoka. Toka hapo kwanza. Na usijaribu mashine inayovuja moshi ndani ya gereji imefungwa. Ile gesi haina harufu, na inaua.

Ukifika kwa fundi, usikubali apake weldi juu ya uchafu. Oili na masizi yatolewe kwanza, shimo dogo litobolewe mwisho wa ufa ili usiendelee, ndio weldi ya TIG ifuate. Kama bomba ni la titani, lazima gesi ya argoni ilinde nje na ndani, la sivyo hiyo weldi itakuwa inavunjika kama biskuti.

Na kama bomba moja linapasuka mahali palepale kila msimu, wacha kulaumu theluji. Kuna kitu kinalivuta. Tafuta hicho kitu kabla ulipie weldi ya tatu.

Sasa huyo cuzo wako akitupia video ingine, muulize kama amehesabu springi.