Jalada la Michoro Huamua Utaanzia Mwaka Gani

Vijana wengi wanaokuja kwenye darasa langu la uchoraji la Jumamosi, hapa Rogers Park kaskazini mwa Chicago, wanasoma vyuo vya jamii. Baadhi yao wametoka Bukavu na Uvira, baadhi wamezaliwa kambini Nyarugusu, na wachache ni wa pwani kama mimi. Chuo cha jamii ni njia nzuri. Ada yake ni nafuu, unasoma miaka miwili, kisha unahamia chuo kikuu kumalizia shahada. Anayesomea historia au uhasibu huhama kwa nakala ya matokeo yake. Anayetaka kusomea uchoraji, uchongaji au ufinyanzi hudaiwa kitu kingine ambacho wazazi wengi hawajawahi kukisikia: jalada la kazi zake, ambalo vyuo huliita potifolio.

Jalada hilo lina maswali mawili ya kujibu. La kwanza kila mtu analijua: je, huyu anafaa kupokelewa? La pili ndilo linalogusa mfuko wa familia: aanzie wapi? Chuo kikuu kinaweza kuzipokea krediti zote ulizozipata chuo cha jamii, zikaandikwa kwenye faili lako, halafu walimu wa idara ya sanaa wakatazama michoro yako na kuamua kwamba urudie kuchora kwa msingi. Krediti zako hazijafutwa. Zimehesabiwa tu kama masomo ya hiari, na fani yenyewe unaianza upya. Ndiyo maana kuna watu wanaohamia baada ya miaka miwili wakitarajia kubakiza miwili, wakajikuta wana mitatu au zaidi, na kila muhula unalipiwa.

Kwa hiyo jalada huanza kutengenezwa siku unapochagua masomo. Shahada ya studio inayoitwa BFA kwa kawaida ina krediti kama 120, na karibu theluthi mbili ni kazi za studio na historia ya sanaa. Shahada ya BA katika sanaa hudai chini ya nusu. Darasa la studio la krediti 3 mara nyingi linakula saa 6 za wiki, bila kuhesabu kazi ya nyumbani, na madarasa hayo yamepangwa kama ngazi: huruhusiwi la pili kabla ya la kwanza. Kijana anayemaliza kwanza hesabu, Kiingereza na sayansi ya jamii, akaacha michoro mwishoni, anafika siku ya kuomba nafasi akiwa na alama nzuri na mikono mitupu. Nawasihi wachukue mapema kuchora, misingi ya usanifu wa picha, usanifu wa maumbo na historia ya sanaa.

Vyuo vingi huomba kazi kati ya 10 na 20. Chuo cha Art Institute hapa mjini huomba 10 hadi 15. Vijana wakisikia hivyo hutaka kujaza nafasi zote, lakini kazi dhaifu huwafanya wakaguzi wazitilie shaka hata zile nzuri. Mwenye kazi kumi na mbili imara aishie hapo, maadamu amefikia kiwango cha chini kilichowekwa.

Kuhusu kilichomo ndani ya jalada, hapa naomba tukae kidogo. Kijana mmoja wa Bukavu aliniletea bahasha ya picha za wachezaji mpira, zote kwa penseli, zote zimenakiliwa kutoka kwenye simu. Mkono wake ulikuwa safi kabisa. Ungeweza kuhesabu nyuzi za jezi. Akaniuliza, "Mwalimu, hizi zitatosha?" Nikamwambia ukweli: hazitamfikisha. Picha ya simu imekwisha kumfanyia kazi ngumu zaidi. Kamera ndiyo iliyochagua pembe, ikayabana maumbo ya mviringo yakawa bapa, ikaamua kivuli kiishie wapi. Mkaguzi anayeiona anajua kwamba kijana ana subira, basi. Hajui kama anaweza kutazama kitu kilicho mbele yake na kukipa nafasi yake kwenye karatasi.

Nikamtuma jikoni kwa mama yake. Sufuria za alumini, mwiko wa ugali, ndoo, gunia la mchele lililokunjwa mdomo, dirisha lenye theluji nyuma yake. Achore kwa mkaa, kwenye karatasi kubwa, akiwa amekaa humo humo huku mama anapika. Alumini ni mwalimu mkali: uso wake unabeba dirisha, moto na nguo ya anayepita, na kila ukigeuza kichwa vinahama. Alirudi na karatasi chafu zenye mistari iliyofutwa na kurudiwa, sufuria moja imepinda, lakini ndani ya picha mlikuwa na kina, mwanga ulikuwa na mahali ulipotoka, na mtu angeweza kuona kwamba mchoraji alikuwepo. Hizo ndizo tulizoziweka mbele. Katika picha za wachezaji tulibakiza moja.

Baada ya michoro ya kutazama, wakaguzi wanataka kuona unavyotumia rangi, na ikiwezekana kitu cha udongo, mbao au waya. Kwa anayehamia wanataka zaidi ya hapo: kazi kadhaa zinazofuata wazo moja. Mwanafunzi wa sekondari anasamehewa kuruka huku na huku. Wewe unaomba kuingia mwaka wa pili au wa tatu, na walimu wanataka kujua utafanya nini ukipewa chumba na muda.

Hapo watu wetu wana utajiri ambao wengi huuficha wakidhani si sanaa ya chuo. Binti mmoja aliyekulia Mombasa hupaka hina harusini. Alikuwa ameiacha kabisa nje ya jalada. Tuliweka picha mbili za mikono, zilizopigwa vizuri na kwa ridhaa ya wenyewe, kisha akachora kwa wino karatasi ndefu ambamo ua lile lile linaota, linakatika na kuota tena mpaka pembeni. Mchoraji wa Tingatinga vilevile alete kazi yake, mradi awe ametunga yake mwenyewe. Edward Tingatinga alichora kwa rangi za baiskeli akiwa Msasani, akafariki mwaka 1972, na chui wake wamenakiliwa tangu hapo. Chui mmoja zaidi hatamwambia mkaguzi lolote kukuhusu wewe.

Wazazi huniuliza pia kama kuhama ni dalili ya kushindwa chuo cha kwanza. Huwatajia msanii Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972. Alisoma Parsons, New York, kisha shahada yake ya kwanza akaipata Cooper Union mwaka 1996, na ya pili Yale mwaka 2000. Mwaka 2019 sanamu zake nne za shaba nyeusi ziliwekwa mbele ya jumba la makumbusho la Metropolitan.

Sasa upigaji picha, maana wakaguzi wengi wataiona kazi yako kwenye kioo cha kompyuta tu. Ibandike ukutani wima, siku ya mawingu, karibu na dirisha kubwa, bila mmweko wa kamera. Lenzi ielekee katikati ya kazi, pembe zote nne zionekane sawa, halafu ukate ukuta wote ubaki mchoro peke yake. Toa fremu na kioo. Kwa kinyago au chungu, tandika shuka la rangi moja nyuma yake na upige pande mbili. Chini andika jina la kazi, mwaka, ulichochorea na vipimo, urefu ukitangulia upana. Maelezo ya msanii yawe mafupi na yaseme ulichofanya.

Kabla ya kutuma, onyesha kazi yako kwa watu wa vyuo wenyewe. Kila mwaka kuna siku za kitaifa za kukagua majalada katika miji mingi, Chicago ikiwemo, na kiingilio ni bure. Beba karatasi zenyewe pamoja na daftari la michoro, na fika mapema kwa sababu foleni ni ndefu. Ujue pia kwamba katika vyuo vikuu vingi vya umma maombi ni mawili: moja la chuo, jingine la idara ya sanaa, kila moja na tarehe yake. Barua ya kupokelewa chuoni haimaanishi umepokelewa studio.

Na kwa wazazi, nawaomba sana: msitupe yale makaratasi makubwa chini ya kitanda. Mwambieni mtoto ahifadhi pia silabasi ya kila darasa la studio alilosoma, kwa sababu idara ikisita kulihesabu, hiyo silabasi pamoja na michoro ya darasa hilo ndiyo atakayoipeleka kudai nafasi yake.