Kumbe Kuna Watu Kilifi Wana Geti Kali Kwa Damu: Malaria Ikibisha, Haifunguliwi!

Kama ushawahi kushikwa na malaria, unajua hiyo si stori ya kucheka. Unatetemeka saa saba mchana Mombasa jua likiwaka, viungo vyote vinauma, chakula hata hutaki kuona. Sasa skia hii: kuna watoto Kilifi wanaumwa na mbu wale wale, lakini ile malaria kali ya kulaza mtu hospitali mara nyingi inawapita tu. Siri iko kwa kitu ulikisoma shule ukakisahau siku ulipomaliza mtihani. Utando wa seli.

Tuanzie jikoni. Ukichemsha supu ya mifupa, mafuta yanaelea juu, yanakataa kuchanganyika na maji. Utando wa seli pia ni mafuta, ila kila molekuli yake ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyachukia. Na seli ina maji nje, ina maji ndani. Itafanyaje? Molekuli zinajipanga safu mbili, vichwa vikiangalia maji kila upande, mikia ikijificha katikati. Hakuna fundi amezipanga, zinajipanga zenyewe. Unene wake ni kama nanomita 7 hivi. Bandika tando 10,000 moja juu ya nyingine na bado hujafikia unene wa karatasi ya kawaida.

Usifikirie ni ukuta wa mawe lakini. Hizo molekuli zinateleza huku na huku kama watu Gikomba siku ya kufungua bale. Oksijeni inapenya bila kuuliza mtu. Sukari na chumvi lazima zipitie milango ya protini, na kila mlango una wageni wake.

Sasa, chembe nyekundu ya damu ina kazi ngumu. Upana wake ni maikromita 7 hadi 8, lakini inapita kwa mishipa myembamba kuliko yenyewe. Inajikunja, inapenya, inarudi shepu yake, siku 120 hivi mpaka ichoke. Bila utando laini haiwezi.

Shida ni kwamba ulaini huo ndio kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, kinautegemea. Mbu akikuuma, kinaanzia kwa ini, halafu watoto wake wanamwagika kwa damu. Mmoja anashika protini za nje ya chembe, anasukuma, utando unabonyea na kumfunika. Chini ya dakika moja ameshahamia. Anakula himoglobini bila kulipa rent, anazaana, na baada ya saa 48 hivi chembe inapasuka, kizazi kipya kinatoka kutafuta keja zingine. Ile homa yako inapanda hapo.

Mwaka wa 2020, watafiti wa KEMRI-Wellcome Kilifi pamoja na wenzao wa Cambridge, Uingereza, walichapisha kwa jarida la Nature kitu walichokiona live kwa hadubini. Walichukua damu ya watoto wa Kilifi wenye aina nadra inayoitwa Dantu, ambayo protini zake mbili za utando, glikoforini A na B, zimeungana zikawa moja. Utando wao umekazwa kiasi. Vimelea vikafika, vikashika, vikasukuma wee, vingi vikaachwa nje ya geti.

Na si kidogo. Mtoto aliyerithi Dantu kwa baba na kwa mama, hatari yake ya malaria kali inapungua kwa asilimia 74. Ukirithi kwa mzazi mmoja, ni kama asilimia 40. Huko Kilifi karibu mtu mmoja kati ya 10 anayo. Nje ya Afrika Mashariki, kuipata ni ngumu.

Kilichowabamba wanasayansi ni kwamba utando hauhitaji kukazwa sana, kidogo tu inatosha. Ndiyo maana wanawaza dawa ya kufanyia damu ya kila mtu hivyo. Chemist ya mtaa bado haina, kwa hivyo ile neti usigeuze pazia.